Lenzi ya jichoni na deni la miaka hamsini

Tuanze na hesabu, maana mjadala huu kwa kawaida huanzia kwenye matangazo na ndiyo sababu hupotea njia mapema. Konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, ina unene wa maikroni 540 hivi kwa mtu wa kawaida, yaani nusu milimita na ushei. Upasuaji wa leza wa aina ya LASIK hufunua kifuniko chembamba juu ya konea, takriban maikroni 110, kisha huchonga nyama iliyo chini yake ili kuubadili mbinuko wake. Kina cha kuchonga hukadiriwa kwa kanuni nyepesi: chukua kipenyo cha eneo linalochongwa kwa milimita, kizidishe chenyewe kwa chenyewe, ugawe kwa tatu, na jibu ni maikroni zinazoondoka kwa kila diopta moja, yaani kipimo cha namba ya miwani. Kwa eneo la milimita 6.5, kila diopta hula maikroni 14. Sasa mchukue mtu mwenye konea ya maikroni 510 anayehitaji kusahihishiwa diopta 11. Zitachongwa maikroni 155. 110 ni za kifuniko, ambacho hata kikirudishwa hakibebi tena mzigo. Zinazobaki kulishikilia jicho ni 245. Mpaka wa chini uliozoeleka ni 250, na madaktari waangalifu hawapendi kushuka chini ya 300. Mtu huyu leza imemkataa kabla hajapanda kitandani. Ukitaka kumwokoa kwa kulipunguza eneo hadi milimita 5.5 utaokoa maikroni zaidi ya 40, lakini giza likiingia mboni yake itapanuka kupita eneo hilo, na taa za magari zitamjia zimezungukwa na duara za mwanga.

Kwa mtu kama huyo kuna njia nyingine: kuliacha jicho kama lilivyo na kuliongezea lenzi. Hii si ile lenzi anayowekewa mgonjwa wa mtoto wa jicho. Kwake yeye lenzi ya asili imeingia ukungu, hutolewa, na ya plastiki hukaa mahali pake. Hapa lenzi ya asili haiguswi, huendelea na kazi yake ya kubadili umbo ili mtu asome, na lenzi nyembamba laini hupenyezwa mbele yake kupitia mpasuo wa milimita 3 hivi, ikajificha nyuma ya irisi, ule mviringo wenye rangi. Inayotumika zaidi duniani ni ICL ya kampuni ya STAAR Surgical. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliiidhinisha mwaka 2005, na toleo lake jipya lenye tundu katikati mwaka 2022, kwa watu wa miaka 21 hadi 45 wenye kutoona mbali kuanzia hasi 3 hadi hasi 20. Msimamo wangu ni kwamba kwa mwenye namba kubwa, au mwenye konea nyembamba au isiyoaminika, upasuaji huu una mantiki kuliko leza. Lakini huuzwa kwa sifa isiyo yake. Wauzaji husema ubora wake ni kwamba inaweza kutolewa. Ubora wake halisi ni kwamba haichongi kitu, na bei yake halisi haiandikwi kwenye ankara ya siku ya upasuaji, kwa sababu ni miaka mingi ya kupimwa.

Ushahidi wa ubora huo uko kwenye fizikia kwanza, kisha kwenye majaribio. Miwani ya hasi 10 inayokaa milimita 12 mbele ya jicho huipunguza picha inayofika kwenye retina kwa takriban sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana macho ya mvaaji huonekana madogo kwa anayemtazama, na yeye mwenyewe huiona dunia ndogo kidogo kuliko ilivyo. Lenzi inayokaa ndani ya jicho haina umbali huo. Picha hurudi karibu na ukubwa wake, na wagonjwa wengine husoma mistari ya ubao wa kupimia ambayo hawakuwahi kuifikia hata kwa miwani yao bora. Upande wa majaribio, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2014 yalikusanya majaribio matatu yaliyolinganisha leza na lenzi za ndani kwa watu wa hasi 6 hadi hasi 20. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya walioona vizuri bila miwani haikutofautiana sana. Tofauti ilikuwa kwenye jambo zito zaidi: waliopoteza ukali wa macho usiorudishwa hata na miwani walikuwa wachache zaidi upande wa lenzi, na walioridhika walikuwa wengi zaidi. Ni matokeo mazuri, ila tusiyapandishe juu kuliko yalivyo. Majaribio yote matatu pamoja yalikuwa na macho 228 ya watu 132, muda wake ulikuwa mwaka mmoja, na mashine na lenzi zote mbili zimebadilika tangu hapo. Yanatosha kusema lenzi haikushindwa palipotarajiwa ishindwe. Hayatoshi kutuambia jicho litakuwaje likifika miaka 70.

Na leza nayo si kisu kisicho na damu, kama inavyosifiwa. Utafiti wa FDA uliochapishwa mwaka 2017 uliwauliza wagonjwa wenyewe badala ya kuwapima tu, na ukakuta kwamba kati ya wale ambao kabla ya LASIK hawakuwa na dosari yoyote ya kuona kama duara za mwanga au picha maradufu, asilimia 43 hadi 46 walikuwa nayo angalau moja miezi mitatu baadaye. Waliosumbuka sana hawakufika asilimia 1, na wagonjwa walio wengi hawakujuta. Lenzi ya ndani haijasalimika na hili. Kingo za lile tundu la katikati zinaweza kutupa pete ya mwanga, ambayo wengi huizoea na wachache hawaizoei. Faida ya lenzi ni kwamba haikati neva za konea kwa upana ule wa kifuniko cha LASIK, hivyo ukavu wa macho hausumbui kwa kiasi kile kile.

Basi deni liko wapi? Liko kwenye tabaka moja la seli lililotandazwa upande wa ndani wa konea. Kazi ya seli hizi ni kusukuma maji nje ili konea ibaki angavu, na kwa binadamu mtu mzima hazizaliwi upya; iliyokufa imekwenda, na jirani zake hujitanua kuziba pengo. Kijana ana seli 2,500 hadi 3,000 kwa kila milimita ya mraba, na hupoteza kama asilimia 0.6 kila mwaka bila kufanywa lolote. Historia ya lenzi za ndani kwa jicho lenye lenzi yake ni historia ya seli hizi. Benedetto Strampelli alijaribu nchini Italia mwaka 1953, miaka minne tu baada ya Harold Ridley kuweka lenzi ya kwanza ya mtoto wa jicho katika hospitali ya St Thomas', London. Joaquín Barraquer akamfuata nchini Hispania. Lenzi zao zilikaa mbele ya irisi, jirani kabisa na konea, na nyingi zilibidi zitolewe baada ya kuua seli. Mtu angedhani somo hilo lilieleweka mara moja. Lakini mwaka 2008 Alcon iliingiza katika soko la Ulaya lenzi iitwayo Cachet, nayo ya mbele ya irisi, ya plastiki bora na ya usanifu mpya, na miaka michache baadaye mauzo yakasitishwa kwa sababu baadhi ya wagonjwa walikuwa wakipoteza seli kuliko ilivyotarajiwa. Waliowekewa hawakuhisi chochote. Jicho lililopoteza theluthi ya seli zake huona sawasawa na jicho zima. Huwezi kulijua hilo bila darubini maalumu ya kuzihesabu.

Fanya hesabu ya pili. Mtu wa miaka 25 mwenye seli 2,600 akipoteza asilimia 0.6 kwa mwaka, akifika 75 atakuwa na seli zaidi ya 1,900. Zinamtosha, na ziada anayo. Tuseme lenzi iliyokaa vibaya imempandishia kasi ya upotevu hadi asilimia 1.8. Akifika 75 atabaki na 1,050 hivi, na kwa umri huo ndipo mtoto wa jicho anapokuja kudai upasuaji mwingine, nao una makato yake. Tofauti ya asilimia moja na ushei haionekani katika mwaka wa kwanza, ambao ndio mwaka majaribio mengi humalizika. Lenzi za nyuma ya irisi, kama ICL, ziko mbali zaidi na konea na rekodi yake ya seli ni bora kuliko ya lenzi za mbele, ndiyo maana nazitetea. Hata hivyo kuwa bora kuliko Cachet ni mtihani mwepesi. Anayepandikizwa akiwa na miaka 25 anaingia mkataba wa nusu karne, na toleo lenye tundu halijafikisha hata miongo miwili mikononi mwa madaktari.

Kuna kitu cha pili cha kupimwa, nacho ndicho kinachotenganisha fundi na mbabaishaji: nafasi kati ya lenzi mpya na ile ya asili. Wapasuaji wengi hulenga maikroni 250 hadi 750. Ikiwa finyu mno, lenzi ya asili hukosa majimaji yanayoipitia, au huguswa kabisa, na mtoto wa jicho huja miaka mingi kabla ya wakati wake; hili lilikuwa tatizo lililojulikana la matoleo ya zamani, na lile tundu dogo la milimita 0.36 liliwekwa ili majimaji yapite katikati ya lenzi. Ikiwa kubwa mno, irisi husukumwa mbele, mfereji wa kutolea maji hubanwa, na presha ya jicho hupanda. Nafasi hiyo hutegemea saizi ya lenzi, na saizi za kutoona mbali katika toleo linalouzwa Marekani ni nne tu, kutoka milimita 12.1 hadi 13.7. Kwa miaka mingi saizi ilichaguliwa kwa kupima upana wa konea kutoka nje, kutoka weupe hadi weupe, ingawa lenzi haikai hapo. Hukaa kwenye mfuo ulio nyuma ya irisi, usioonekana, ambao upana wake haufuati kwa uaminifu ule wa nje. Ni kama kumpimia mtu viatu kwa kuangalia urefu wake. Anayepima kwa mawimbi ya sauti au kwa picha za tabaka za jicho hukosea mara chache zaidi, na kliniki isiyo na kifaa hata kimoja kati ya hivyo haifai kukaribiwa kwa kazi hii, hata sakafu yake ing'ae vipi.

Kuhusu lile neno "inaweza kutolewa", ni kweli kwa kipande cha plastiki na si kweli kwa jicho. Lenzi hutoka kwa upasuaji wa dakika chache. Mtoto wa jicho aliyeanza hatoki nayo, seli zilizokufa hazirudi, neva ya kuonea iliyobanwa na presha haifufuki. Pale ambapo uwezo wa kuitoa una maana kubwa ni uzeeni: mtoto wa jicho akija kwa umri wake, daktari huitoa lenzi ya kwanza na kuweka ya mtoto wa jicho katika upasuaji uleule, na kwa kuwa konea haijachongwa, namba ya lenzi mpya hukokotolewa kwa uhakika zaidi kuliko kwa mtu aliyewahi kufanyiwa LASIK. Hiyo ni hoja nzito kuliko inayotajwa kwenye vipeperushi, na sijui kwa nini hawaitaji. Pengine kumwambia kijana wa miaka 28 habari za mtoto wa jicho hakuuzi.

Pingamizi linalosikika zaidi ni kwamba kuingia ndani ya jicho ni hatari kuliko kulichonga kwa nje, na ni pingamizi la haki. Uambukizo wa ndani ya jicho baada ya kuweka ICL umeripotiwa kuwa kama mmoja kwa kila macho 6,000, na ukitokea unaweza kulipofusha jicho. Ndiyo maana naona si busara kuweka lenzi hii kwa mwenye hasi 3 na konea nene, ingawa kibali kinaruhusu. Lakini kwa mwenye hasi 12, tulinganishe na maisha yake halisi. Wengi wa namba hiyo hukimbia miwani na kuvaa lenzi za kubandika. Makadirio yaliyozoeleka ya vidonda vya konea vya uambukizo ni watu 4 hivi kwa kila wavaaji 10,000 wa mchana kila mwaka, na 20 hivi kwa wanaolala nazo. Zidisha kwa miaka 30. Kidonda cha konea kwa kawaida si kibaya kama uambukizo wa ndani, hilo nakubali, lakini mvaaji anayedhani amechagua usalama kwa kuepuka kisu amechagua tu hatari inayolipwa kwa awamu, hasa mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki na dawa ya kusafishia lenzi ni ghali.

Pingamizi la pili ni la anasa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kwamba watu wasiopungua bilioni moja wana upungufu wa kuona ambao ungezuilika au bado haujatibiwa, na wengi mno kati yao wanahitaji miwani tu au upasuaji wa mtoto wa jicho. Je, kuna haja gani ya kuzungumzia lenzi za wenye fedha? Kwa fedha za umma, jibu langu ni fupi: hakuna, miwani kwanza. Ila hoja ya anasa hufanya kosa moja. Hudhani kwamba lenzi ni teknolojia ya juu kuliko leza, kwa hiyo iko mbali zaidi na sisi. Ukweli ni kinyume chake. Mashine ya leza inataka mtaji mkubwa, chumba chenye joto na unyevu usiobadilika, umeme usioyumba, na fundi wa kampuni anayekuja kwa mkataba. Lenzi inataka darubini ya upasuaji na mikono ya daktari aliyezoea mtoto wa jicho, vitu ambavyo hospitali za macho za Moshi, Kikuyu au Kabgayi zimekuwa navyo kwa miaka. Kinachopungua mara nyingi ni vifaa vya kupimia, navyo hutumika pia kwa wagonjwa wengine. Gharama kubwa iliyobaki ni lenzi yenyewe, na bei ya lenzi si sheria ya maumbile: Aurolab ya Madurai, India, iliyoanza mwaka 1992, ilishusha bei ya lenzi ya mtoto wa jicho hadi dola 10 hivi kutoka bei za zaidi ya dola 100. Tayari kuna kampuni za India zinazotengeneza lenzi za nyuma ya irisi kwa akriliki na kuziuza kwa bei ya chini kuliko ICL. Rekodi yake ni fupi zaidi, na kwa lenzi ambayo hatari zake huonekana mwaka wa kumi, rekodi fupi si jambo dogo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu mbili za kuichukulia lenzi hii kwa uzito, na zinavutana. Ya kwanza ni mzio wa macho kwa watoto. Uchunguzi wa wanafunzi katika Rwanda ya kati ulikuta kama 4 kati ya 100 wana ule mzio mkali wa utotoni unaowafanya wafikiche macho miaka nenda miaka rudi, na kufikicha ni mojawapo ya njia zinazoifanya konea ichongoke. Konea ya namna hiyo haitakiwi kuguswa na leza kabisa. Lenzi ya ndani, ikiwa hali imetulia, bado inawezekana. Ya pili ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Watu wenye asili ya Afrika hupata glakoma ya pembe wazi mara nyingi zaidi na mapema zaidi, na matone ya steroidi yanayotolewa baada ya upasuaji yenyewe huipandisha presha kwa baadhi ya watu. Data nyingi za ICL zimetoka Asia Mashariki, Ulaya na Marekani. Sisemi kwamba lenzi hii itafanya vibaya kwenye macho yetu. Nasema kwamba anayeiweka hapa hana haki ya kuazima utulivu wa moyo kutoka Shanghai. Tena kutoona mbali kwa kiwango kikubwa ni jicho lililorefuka, retina iliyovutwa ikawa nyembamba, na hakuna lenzi inayolifupisha. Aliyeaga miwani ya hasi 12 bado ana jicho la hasi 12, na hatari ya retina kubanduka iko palepale, ila sasa hakuna miwani mizito usoni ya kumkumbusha mtu kwenda kupimwa.

Liko pia swali ambalo wasomaji wa pwani na wa Ghuba huliuliza na kliniki hulikwepa. ICL hutengenezwa kwa plastiki iliyochanganywa na kiasi kidogo cha kolajeni, na kolajeni hiyo asili yake ni nguruwe; je, ni halali kwa Mwislamu? Wako wanazuoni wanaotumia hoja ya istihala, kwamba kitu kilichobadilika asili kabisa hukumu yake hubadilika pia, na wako wanaoruhusu kwa haja ya tiba pekee. Hoja hii ya pili ni ngumu kidogo hapa, maana mwenye miwani inayomtosha hawezi kudai dharura kirahisi. Si kazi ya daktari kutoa fatwa. Ni kazi yake kusema kilichomo kabla mgonjwa hajalipa, na kumjulisha kwamba lenzi za akriliki, ambazo hazina kolajeni, zipo.

Baadhi ya wanaopandikizwa kutoka ukanda huu hufanyiwa India, hukaa wiki moja, hupimwa siku ya kwanza na ya saba, kisha hurudi nyumbani. Wiki hiyo moja inahusu uambukizo na presha ya mwanzo, na kwa hayo inatosha. Haigusi seli, haigusi nafasi ya nyuma ya irisi inayobadilika kadiri lenzi ya asili inavyonenepa kwa umri, haigusi retina. Mgonjwa anayejiandaa kusafiri aulize mapema nani karibu na kwake ana darubini ya kuhesabu seli na yuko tayari kumpima kila mwaka, na jibu likikosekana ni afadhali aahirishe safari. Akishafanyiwa, adai karatasi yenye idadi ya seli zake kabla ya upasuaji, kina cha chumba cha mbele cha jicho, aina, namba na saizi ya lenzi, namba ya utambulisho wake, na nafasi iliyopimwa kwa maikroni kwenye kila jicho. Bila idadi ya kwanza ya seli, daktari wa Kisumu au Bukavu atakayezihesabu miaka kumi baadaye atapata 2,100 na hatajua kama zilikuwa 2,200 au 2,900.